Kisogo cha Ciku

Kuna kitu ambacho kila mtu anacho, wenzake hukiona kila siku, na mwenyewe hufa hajakiona. Susu, nyanya yake Mutanu, alipenda kuwategea wajukuu kitendawili hicho wakichambua kunde. Wakishindwa, aliwadai mji kwanza ndipo awafungulie. Jibu ni kisogo.

Mutanu alipokua alikuja kukijua kisogo kimoja kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe kwenye kioo. Kilikuwa kisogo cha Ciku. Alilijua kovu dogo lililojificha chini ya nywele, la siku Ciku alipogongwa na mlango wa duka la baba yake huko Yatta. Aliijua misuko yake, ile ya msimu wa mashindano na ile ya kwenda harusini. Alijua shingo inavyokaza kabla Ciku hajaruka.

Ndivyo ulivyo mchezo wa vinyoya, yaani badminton, ukichezwa wawili wawili. Mmoja hukaa mbele karibu na wavu, mikono myepesi, akimalizia. Mwingine hukaa nyuma, anakimbia kona hadi kona na kushindilia. Wa nyuma humwona wa mbele wakati wote. Wa mbele hamwoni wa nyuma, na sharti asigeuke. Akigeuka kumtafuta mwenzake, kinyoya kitamkuta usoni.

Walikutana wakiwa wasichana wa shule, katika mashindano ya wilaya. Mutanu alitoka Mitaboni, kwa wakulima wa ndengu na mahindi. Ciku alitoka Yatta, kwa watu waliotoka upande wa Nyeri kutafuta biashara. Kila mmoja alikuwa ameachwa na mwenzake siku hiyo, wa huyu kwa malaria, wa huyu kwa hasira. Mwalimu mmoja aliyechoka akawasukuma uwanjani pamoja ili orodha yake ikamilike. Hawakuachana tena. Klabu moja ya mjini Machakos iliwaajiri, wakawa wanalipwa mshahara ili wacheze. Wakafika Kampala, wakafika Kairo, na kila walikokwenda majina yao yalitamkwa kama jina moja: Mutanu-na-Ciku.

Sasa Mutanu alikuwa amevuka thelathini, na goti lake la kulia lilikuwa na maneno mengi asubuhi. Alijua jambo moja bila kuambiwa. Mchezaji wa wawili aliyepoteza mwenzake ni kama kiatu kimoja. Hata kama bado kinang'aa, nani atakinunua? Ciku akimwacha, klabu ingemwandalia chai, ingempigia makofi, na kazi ingekwisha hapo.

Kwa hiyo kisogo kilipoanza kugeuka, Mutanu aliona.

Mvua za vuli zilikuwa zimekatika. Walikuwa mazoezini katika ukumbi wa klabu, Ciku mbele, Mutanu nyuma. Kisogo kikageuka kidogo upande wa kushoto, kama cha mtu anayesikia akiitwa. Kikarudi. Kwenye kinyoya kilichofuata, kisogo kikageuka tena, huko huko.

Upande wa kushoto kulikuwa na benchi. Kwenye benchi alikaa kocha Titus, na ubavuni mwake Mumo, msichana aliyeingia klabu juzi, miguu mirefu, mdomo mwepesi, akitafuna njugu.

"Ciku, unatafuta nini huko?"

"Huko wapi?"

"Si umegeuka."

"Sijageuka mimi. Cheza, Mutanu."

Muda si muda kinyoya kilegevu kikashuka karibu na bega la kushoto la Ciku, kinyoya ambacho angekimaliza hata akiwa anasinzia. Hakuinua mkono. Kilidondoka sakafuni karibu na kiatu chake. Na Titus, ambaye humfokea hata mfagiaji, siku hiyo hakufoka. Alitazama viatu vyake.

"Jasho limeniingia kwa macho," Ciku akasema.

Mutanu aliliangalia shati la mwenzake. Lilikuwa kavu.

Baada ya mazoezi walikuwa na desturi ya chai. Ciku huja na chupa, wanakunywa kikombe kimoja kwa zamu, tangu siku walipokuwa hawana cha pili. Siku hiyo Ciku alimimina chai pembeni ya kikombe, ikamwagikia raketi ya Mutanu.

"Mkono una nini?"

"Hii chupa imeharibika mdomo."

Ciku alipokwenda kubadilisha nguo, Mutanu alichukua chupa, akamimina. Ilimimina vizuri kabisa. Akawaza, mkono wa mwenye siri hautulii.

Shaka ni kama funza wa kidole. Ukianza kumkuna, hulali. Mutanu akaanza kukuna. Aliona kwamba Titus na Ciku wananyamaza akiingia. Aliona kwamba Mumo anamwangalia sana, anamwangalia miguu, anamwangalia mabega, jinsi mtu anavyomwangalia ng'ombe siku ya soko. Aliona kwamba Alhamisi Ciku hamsubiri tena waondoke pamoja.

"Alhamisi naenda kwa mama, Yatta," Ciku alieleza. "Anasumbuliwa na mgongo."

"Mpe pole."

"Nitampa."

Jumapili Mutanu alikwenda Mitaboni kumsalimia Susu. Alimkuta kando ya barabara, mahali pake pa siku zote, mkono wa kushoto ukitoka steji ya matatu kuelekea kanisani. Alikuwa amekalia kiti chake kifupi, magunia ya ndengu mbele yake, akisuka kiondo.

"Rafiki yako ameota pembe," Susu akasema, hata kabla ya kumpa mjukuu mahali pa kukaa.

"Rafiki yupi, Susu?"

"Kwani uko na wangapi? Huyo wa Yatta. Kila Alhamisi anapita hapa. Nimemsalimu, nikamsalimu tena, akapita kama mimi ni gunia. Na mwaka jana tu alikuwa kwangu anakula muthokoi, anakwangua sufuria."

"Alhamisi? Hapa Mitaboni? Anaenda wapi?"

"Huko kwa ukumbi wa kanisa. Na ule mfuko wenu wa raketi."

Susu hakuwa mtu wa kuzima moto. Akiukuta, yeye hutafuta kuni. Alivuta uzi wa kiondo kwa meno, akakata, akasema, "Mwiitu, binti yangu, nikutegee kitendawili."

"Leo sina roho ya vitendawili."

"Tunakula sahani moja, kila mmoja anashiba peke yake."

Mutanu akafikiri, maana alilelewa kufikiri. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Kathiani."

"Nimeenda Kathiani, nimekula nyama, nimevaa vizuri, nimerudi. Jibu ni wewe na huyo Ciku."

"Hicho umekitunga sasa hivi."

"Na ni uongo?"

Alhamisi iliyofuata Mutanu alisema jino linamuuma, akaondoka mazoezini mapema, akajibanza hadi Ciku alipotoka. Alipofika karibu na ukumbi wa kanisa, Mitaboni, aliisikia ile sauti ambayo angeitambua hata kaburini, nyuzi za raketi zikikipiga kinyoya, ta, ta, ta. Ukuta wa ukumbi ule ulikuwa na matofali ya matundu juu ya meza za jumuiya zilizorundikwa nje. Akapanda juu ya meza, akachungulia.

Mumo alikuwa mbele, mahali pa Ciku. Na nyuma, mahali pa Mutanu, alisimama Ciku.

Hilo peke yake lingetosha. Lakini hakuwa amesimama kama Ciku. Alipangusa kiganja kwenye paja la kushoto, akapangusa tena. Akafyonza. Akainua bega la kulia juu, kama mtu aliyebeba mtungi, halafu akakohoa neno "Yangu" kwa sauti nzito ya kukwaruza. Vyote hivyo vilikuwa vya Mutanu. Paja lilikuwa lake, bega lilikuwa lake, hata mfyonzo ule aliourithi kwa Susu ulikuwa wake.

Mumo alicheka hadi akainama. "Kweli huwa anafanya hivyo?"

"Kila siku. Na akichoka bega linapanda zaidi. Angalia."

"Fanya Mutanu tena," Mumo akasema akijifuta machozi, na kocha Titus naye kwenye kiti alikuwa akicheka, yule Titus wa kufoka.

Ciku akamfanya Mutanu tena.

Mutanu akateremka. Goti lilimuuma lakini hakulisikia. Alipopita kwa Susu, bibi kizee aliutazama uso wake, akaacha kusuka.

"Umeona?"

"Nimeona."

Susu alimfungia ndengu kidogo kwenye karatasi, akamwekea mkononi.

Mtu atasema, kwa nini hakumuuliza? Lakini mtu akiibiwa na wa nyumbani hapigi kelele papo hapo. Huhesabu vijiko kwanza. Mutanu alingoja siku ya majaribio. Jozi itakayoshinda ingevaa rangi za taifa na kwenda Lusaka. Aliwaza kwamba Ciku anamtaka kwa siku hiyo moja tu, apate nafasi, halafu ambadilishe kama mtu anavyobadilisha nyuzi za raketi.

Asubuhi ya siku ile, wakifunga viatu, Ciku mwenyewe alimpa sababu ya kuamini hivyo.

"Leo tukipata hii," alisema, "hayo mengine yatajipanga."

"Mengine gani?"

"Tucheze kwanza."

Fainali ilikuwa dhidi ya Peris na Mbinya, wasichana wawili wenye mapafu ya punda. Watu wa Machakos walikuwa wamejaa, na Susu alikuwa ameletwa akakalishwa mbele, kiondo mapajani.

Mutanu na Ciku walikuwa na ishara zao. Kabla ya kuanzisha, Ciku huweka mkono mgongoni. Akionyesha kidole kidogo, kinyoya kitakwenda kifupi. Akionyesha ngumi, kitakwenda mbali. Kwa miaka yote hiyo Mutanu alikuwa ameiamini mikono ile kama anavyoamini jua litatua upande wa Magharibi. Siku hiyo hakuiamini. Aliona kidole, akajipanga kwa ngumi. Aliona ngumi, akasogea mbele. Kila kinyoya kilichopita juu ya Ciku alikifuata hadi karibu na wavu, asimwachie hata kimoja.

Na kisogo kiligeuka kushoto. Benchi lilikuwa kushoto. Titus alikuwa pale, Mumo alikuwa pale.

"Niachie vyangu," Ciku alinong'ona.

"Vyako ni vipi siku hizi?"

Kinyoya kikaja katikati, wote wawili wakakiendea, raketi zikagongana, ya Ciku ikaruka ikaanguka. Peris akacheka kwa sauti. "Nyinyi chezeni, sisi tutawangojea mkimaliza kupigana." Seti ya kwanza ikaenda.

Sasa, mazoezini kwao hawakuwa na kawaida ya kubadilishana pande. Titus hupenda wawe karibu na kiti chake ili afoke bila kusimama. Lakini katika mashindano, seti ikiisha, pande hubadilishwa. Wakavuka wavu. Benchi lililokuwa kushoto kwao sasa likawa kulia.

Ciku akasimama mbele. Mutanu akasimama nyuma, macho kwenye kisogo, akingoja kigeukie kulia.

Kisogo kikageuka kushoto.

Kushoto kulikuwa na ukuta. Ukuta mtupu wenye mtungi mwekundu wa kuzimia moto, na hakuna mtu. Mutanu aliduwaa hata kinyoya kikampita. Kinyoya kingine, kisogo kikageukia ukuta tena. Nani anaupa ukuta ishara?

Ndipo mambo yakaanza kuja moja moja, kama kuku wanaorudi bandani. Kilegevu kile kilishuka upande wa kushoto. Chai ilimwagika pembeni ya kikombe. Na Susu hukaa mkono gani wa barabara, mtu akitoka stejini kwenda kanisani?

Katikati ya seti mwamuzi aliwapa mapumziko mafupi. Titus alianza kuja, Mutanu akamwinulia kiganja abaki huko. Akamsogelea mwenzake uso kwa uso.

"Ciku. Funga jicho la kulia."

"Nini?"

"Funga la kulia, uniambie nimeinua vidole vingapi."

Ciku hakulifunga. "Umejua lini?"

"Sasa."

"La kushoto limeenda. Lilianza kama dirisha lililopakwa maziwa, sasa hata maziwa siyaoni. Daktari amesema halirudi, na la kulia nilitunze. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho."

"Titus anajua."

"Anajua. Alitaka niache, nikamwomba hii moja. Tukishinda, nafasi ya Lusaka ni ya klabu, na Mumo angeingia pahali pangu, acheze na wewe."

"Nilikuona Mitaboni," Mutanu akasema. "Ulikuwa mimi."

Ciku akainua uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. "Sasa ningemfundishaje? Mtu hawezi kuelezewa Mutanu kwa mdomo. Ilibidi nikuwe Mutanu."

"Mlikuwa mnacheka."

"Kwani wewe huchekeshi? Na hilo bega?"

Mutanu hakucheka. "Nilijua unaniacha."

"Nakuacha, ni kweli. Lakini si mikono mitupu."

"Ungeniambia, Ciku."

"Nikikuambia, utanilinda. Na ukianza kunilinda mimi, huko nyuma atabaki nani?"

Mwamuzi akawaita.

Waliobaki ukumbini hadi mwisho wanasema hawajaona seti kama ile ya pili. Mutanu alirudi mahali pake nyuma akakaa. Kidole kikionyesha kifupi, alijipanga kwa kifupi. Ngumi ikionyesha mbali, alikwenda mbali. Kisogo kiligeuka kushoto kilivyotaka chenyewe, na Mutanu aliacha kukifuata. Peris aliacha kucheka. Seti ikawa yao.

Ya tatu ilikwenda bega kwa bega mpaka karibu na mwisho. Lakini jambo ukishalijua huwezi kulirudisha kwenye chungu. Kidogo kidogo, bila kujiambia, Mutanu alikuwa ameanza kuegemea kushoto. Hatua ndogo, kuziba lile dirisha la mwenzake, kisipite kinyoya kikampata kwenye jicho. Mbinya, aliyekuwa hacheki wala hasemi, aliiona hatua ile. Kinyoya cha mwisho alikiinua juu, polepole, kwenda kona ya kulia nyuma, pale ambapo Mutanu amekaa maisha yake yote na ambapo dakika ile hakuwepo.

Ciku hakugeuka. Alikisikia kikianguka.

Baadaye walikaa kwenye benchi lile lile. Ciku akafungua chupa, na Mutanu akakileta kikombe chini ya mdomo wa chupa. Chai iliingia yote.

"Nilikuambia," Ciku akasema.

"Uliniambia."

"Ya kwanza tumeipoteza kwa kutoaminiana, ya mwisho kwa huruma." Alipuliza chai. "Hiyo ya katikati lakini tulicheza."

Lusaka wakaenda Peris na Mbinya. Titus alizungumza na wakubwa wa klabu, akafoka, inasemekana, na Mutanu akapewa msimu mmoja ajaribu na Mumo. Msimu mmoja, basi.

Alhamisi walitembea pamoja kutoka stejini Mitaboni, Mutanu na Ciku. Walipokaribia magunia ya ndengu, Mutanu alimshika Ciku mabega akamgeuza kidogo, Susu akawa upande wake wa kulia.

"Susu, hujambo?" Ciku akasema.

Susu alimalizia mzunguko mzima wa kiondo. "Leo umeniona."

"Leo nimekuona."

Mutanu akaeleza habari ya jicho. Susu alisikiliza huku amekaza midomo, kisha akasimama kwa shida, akazunguka hadi upande wa kushoto wa Ciku, akapunga sindano ya kiondo mbele ya lile jicho. Ciku hakupepesa. Susu akapunga tena, karibu zaidi, maana yeye si mtu wa kuamini mara moja. Halafu akarudi kwenye kiti chake, akashika tama.

"Kile kitendawili nimekifuta," alimwambia Mutanu. "Lakini Kathiani sirudishi." Na kwa Ciku akasema, "Wewe, ukimaliza huko upite. Kuna muthokoi."

Ndani ya ukumbi wa kanisa Ciku aliweka kiti chake mwisho kabisa kushoto, ili kila kitu kiwe kulia kwake. Mumo akasimama mbele. Mutanu akasimama nyuma.

Kilikuwa kisogo kigeni, chembamba, nywele fupi kama brashi, shingo ndefu isiyo na kovu lolote. Mutanu alikitazama jinsi mtu anavyoutazama mlango wa nyumba asiyoijua. Hakuna alichokiamini kwenye kisogo kile. Mtoto wa njugu na kicheko, atajua nini?

Titus akarusha kinyoya juu. Mutanu, bila kuwaza, akapangusa kiganja kwenye paja la kushoto, akapangusa tena, akafyonza.

Hakuwa hata ameinua raketi. Mumo, macho yake kwenye wavu, asigeuke hata kidogo, kwa kuusikia mfyonzo ule tu alikuwa ameshapiga hatua moja kulia na kumfungulia njia, mahali pale pale ambapo Ciku angesimama.

Mutanu akaruka.